TREKTA NDOGO SI DHARAU KWA WAZEE

Baadhi yetu hapa Trans Nzoia ni vitindamimba. Wazazi wetu wamekula chumvi nyingi, lakini hadi leo wanang'ang'ana na jembe. Mvua ya masika ikianza mwezi wa Machi, sisi hukosa masomo ili tukalime, nao usiku huugua migongo. Na mahindi yakichelewa kupandwa, mavuno hupungua.

Dawa ni trekta ndogo ya magurudumu mawili, ile inayoongozwa na mtu akitembea nyuma yake. Hulima, na ukiifunga trela hubeba mbolea na magunia. Lakini ukimwambia mzee, "Baba, umezeeka, nunua mashine," basi umeharibu! Atadhani unataka aachie shamba. Tena atauliza: Mafuta yatatoka wapi? Ikiharibika je? Maswali hayo si ukaidi, ni busara.

Kwa hivyo twende na hesabu mkononi. Tuandike pesa za vibarua na za kukodi trekta kubwa kila mwaka, kisha tuzilinganishe na bei ya mashine, mafuta na vipuri. Tumwombe mwenye nayo aje alime kipande kidogo, mzee akijionea. Fundi naye ajulikane kabla pesa hazijatolewa. Bei ikizidi, majirani watatu wachange, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenzangu, hatuwanyang'anyi wazazi shamba lao. Twataka waendelee kulimiliki bila kuumia, nasi tubaki darasani. Au vipi?