Aliyesoma Aseme Mbele ya Watu

Mara nyingi tunasikia migodini na sokoni kwamba wenye elimu wanaotetea mambo ya kale ni adui wa maendeleo, basi wanyamaze. Sisi hatukubali. Mtu anayetaka twende polepole, anayelinda dini na desturi za wazee, anayo haki ya kusema, na sisi tunamhitaji. Lakini yako masharti.

Tukumbuke mwaka 1956. Bwana Van Bilsen, Mbelgiji, alikuwa ametoa shauri kwamba Kongo iandaliwe kwa miaka 30 kabla ya kujitawala. Katikati ya mwaka ule, gazeti Conscience Africaine la Leopoldville likatoa tangazo kubwa. Wenyewe walikuwa wasomi: Joseph Iléo, Joseph Ngalula, Padri Joseph Malula. Walitaka uhuru kamili, lakini kwa hatua, na miaka 30 ile hawakuikataa. Mwezi wa Agosti ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu, ikajibu: miaka 30 hatungoji, tupewe haki zetu leo. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru.

Je, wale wa polepole walikuwa wasaliti? Hapana. Waliandika mawazo yao wazi, na majina yao yakajulikana. Wasingeandika, ABAKO ingejibu nini? Jiwe la kunolea halikati, lakini pasipo jiwe panga ni butu.

Tazameni sasa La Voix du Congolais, gazeti lililotoka toka 1945 hata 1959. Wasomi wetu waliandika humo juu ya adabu na ustaarabu, lakini kwa Kifaransa na chini ya macho ya Leta. Mchimba dhahabu wa Kivu hakuulizwa neno, na kama angetaka kujibu, angejibu kwa lugha gani? Wazo lisiloweza kujibiwa si shauri tena, ni amri.

Na kwetu tunao mfano. Askofu Emmanuel Kataliko alichunga jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hata 1997. Hakuwa mtu wa kupindua mafundisho ya Kanisa. Lakini kwa Noeli ya 1999, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, aliandika barua kuwakemea wageni, na ndugu zetu waliowasaidia, kwa kupigana vita kwa mali ya nchi yetu. Wakubwa wa RCD wakamfukuza Februari 2000, akakaa Butembo miezi 7. Oktoba mwaka ule akafa Roma. Imani ya kale haikumfunga mdomo. Ndiyo iliyomfungua.

Basi masharti ni matatu. Mwenye elimu aseme kwa Kiswahili au Kinande, watu wa mgodi wasikie. Aseme ni kitu gani anataka kitunzwe, na kwa faida ya nani: kulinda shamba la ukoo lisiuzwe ni jambo moja, kulinda kiti cha mkubwa anayeliuza ni jambo lingine. Tena akubali kujibiwa, hata na mtu asiyejua kusoma.

Nasi tusimzomee wala tusimtukane. Siku atakaposimama mbele yetu, tumsikilize hata mwisho, kisha tumwulize: unamlindia nani?