Nembo Yako Ianze Mkononi



Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, baada ya umuganda, mdogo wangu wa kike alinijia nyumbani akiwa na mfuko wa shule uliokatika mkanda. Mdogo wangu huyu hushona mifuko ya kitambaa hapa Nyamirambo, na kazi hiyo ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba na kuwavisha wanawe. Aliuweka mfuko mezani, akasema, "Kaka, mama mmoja amenirudishia huu mbele ya wateja na kunidai fedha zake. Lakini mshono huu si wangu."

Niliutazama. Upande wa mbele ulikuwa umechapwa ua la buluu, na ua hilo ndilo lililokuwa nembo ya mdogo wangu. Kumbe aliliokota kwenye simu, miongoni mwa picha zilizo tayari ambazo kila mtu huruhusiwa kuzichukua. Mshonaji mwingine, ambaye hata hamjui, aliliokota papo hapo. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini mama yule alipoliona ua hakuwaza washonaji wawili. Alimwaza mmoja, na fedheha ikamwangukia asiyehusika.

Wiki hii, basi, tuzungumze juu ya nembo ya mtu binafsi: jinsi ya kuibuni kwa penseli, na jinsi ya kuimalizia kwa kompyuta.

Najua wapo watakaosema kwamba chema chajiuza, nembo ya nini? Ni kweli chema chajiuza, lakini sharti kwanza kijulikane ni cha nani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2008, wenye kushona mifuko ya kitambaa wamekuwa wengi, na mnunuzi hana njia ya kuukumbuka mkono uliomshonea vizuri ila kwa alama.

Kosa la kufanana si la washonaji peke yao. Bendera iliyopepea katika nchi yetu hadi mwaka 2001 ilikuwa na rangi nyekundu, manjano na kijani zilizosimama wima. Guinea nayo ilikuwa na rangi hizo hizo, kwa mpangilio huo huo. Ili kuzitofautisha, katikati ya bendera yetu iliwekwa herufi R kubwa nyeusi. Mwaka 2001 ilipokelewa bendera ya sasa, iliyobuniwa na Alphonse Kirimobenecyo: buluu, manjano na kijani zilizolala, pamoja na jua pembeni. Bendera hii haihitaji herufi ya kuitambulisha. Funzo lake kwetu ni kwamba tofauti iingizwe tangu mwanzo wa mchoro, isije ikabandikwa mwishoni kama kiraka.

Nilimpa mdogo wangu daftari la hesabu lenye miraba, penseli moja, wala sikumpa kifutio. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwenye kifutio husahihisha mstari mmoja asubuhi nzima, na asiye nacho huchora upya. Kabla ya kuchora alitakiwa kujibu swali moja tu: ni kitu gani wateja hukusifia ambacho hukununua dukani? Alifikiri kwa muda, akajibu, "Mikanda yangu haikatiki."

Hapo ndipo pa kuanzia. Usianze na kitu kizuri. Anza na kitu kilicho chako. Kisha chora michoro mingi midogo, kila mmoja usizidi ukubwa wa stempu ya posta, na kila mmoja uchukue dakika moja au mbili. Udogo huo una sababu: katika nafasi ndogo huwezi kujaza mapambo, hivyo wazo lililo dhaifu hujifichua mapema. Mdogo wangu alichora thelathini na mbili. Sindano, cherehani, herufi za jina lake, hata agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka. Agaseke aliliacha mwenyewe, kwa kuwa limo katika nembo ya taifa na katika maduka mengi ya vitu vya utamaduni. Ni letu sote, kwa hiyo haliwezi kumtambulisha mmoja.

Mwishowe alichora mshono wake mwenyewe. Pale mkanda unapokutana na mfuko, yeye hushona mraba, kisha hupitisha mistari miwili toka pembe hadi pembe, ili mzigo usivutwe mahali pamoja. Tulifurahi sana, mpaka mwanawe wa darasa la tatu alipochungulia na kusema, "Mama, mwalimu amekukosesha!" Kweli, alama ile ilikuwa kama mkato wa kalamu nyekundu katika daftari la mtoto.

Usimwonee haya mtoto anayekusahihisha. Mdogo wangu aligeuza daftari, mraba ukasimama juu ya pembe yake, na kutoka pembe ya chini akateremsha uzi uliopinda kidogo. Mtoto akapiga kelele: "Sasa ni tiara!" Tiara, mchezo wa watoto wanaobeba mifuko hiyo, na ndani yake mshono usiokatika. Tulificha daftari, tukamwambia mtoto aichore kwa kukumbuka. Aliichora bila kukosea, nasi tukajua kwamba nembo imepatikana. Jaribio hilo halina gharama, nawe ulifanye.

Ndipo tukafungua kompyuta. Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wengi hulikosea. Picha ya kawaida ya simu imefanywa kwa vitone vingi vya rangi. Ukiikuza sana, kingo zake huchakaa. Mchoro wa vekta hutunzwa kwa hesabu za mistari na mapindo, hivyo huweza kuwa mdogo kama kifungo au mkubwa kama ubao wa duka bila kuharibika. Programu ya Inkscape, ambayo haitozwi fedha, hufanya kazi hiyo. Tulipiga picha ya mchoro wa penseli, tukaiweka chini kabisa, kisha tukapitisha mistari safi juu yake.

Kompyuta ina vishawishi vyake. Kwa saa nzima mdogo wangu alijaribu dhahabu, kivuli, na rangi saba, mpaka tiara ikang'aa kama bibi harusi. Tulipoipunguza iwe na ukubwa wa kitambulisho cha nguo, ikawa doa. Nikamkumbusha imigongo, ile sanaa ya samadi ya ng'ombe na majivu iliyotoka Gisaka, ambayo hadi leo akina mama wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, wanaiendeleza. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, na pembe zilizo wazi. Rangi chache hizo zinatosha kukufanya uitambue kutoka upande wa pili wa barabara. Akafuta yote. Kati ya pembetatu nne za tiara, mbili zikawa nyeusi na mbili zikabaki nyeupe.

Kwa hiyo kumbuka: malizia kwanza kwa rangi nyeusi, rangi nyingine zije baadaye. Nembo itapigwa muhuri, itatolewa nakala, itashonwa kwa uzi mmoja; ikishindwa kusimama kwa rangi moja, haijakamilika. Hifadhi mchoro wa vekta ulio asili, na utoe nakala ya picha kwa matumizi ya simu. Tunza pia daftari lako na uandike tarehe, kwani ni ushahidi wa jasho lako. Ukitaka ulinzi wa sheria, alama za biashara huandikishwa katika Rwanda Development Board, hapa hapa Kigali.

Sasa mdogo wangu haichapi nembo upande wa mbele. Huishona kwa uzi mweusi pale pale kwenye mkanda, na mishono yake ndiyo inayoushikilia. Nilimwuliza kama haogopi kuigwa tena. Akacheka: "Kaka, atakayeiiga itambidi ashone vizuri."

Ule mfuko uliokatika hakuutupa. Aliushona upya kwa mraba wake uliosimama juu ya pembe, akaupeleka kwa mama yule bila kudai malipo, akamwonyesha ua ambalo si lake tena na alama ambayo ni yake. Mama yule aliupokea kimya, akautikisa mkanda mara mbili. Jumatatu iliyofuata alirudi na watoto wawili wa jirani, kila mmoja akihitaji mfuko.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Hadi hapo, ndugu msomaji, chonga penseli yako.