Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kionwe

Wazee wetu walituachia mithali isemayo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Nimeisikia mara nyingi maishani mwangu, lakini sijapata kuisikia ikitamkwa kwa uchungu kama nilivyoisikia katika Mfungo Mosi wa mwaka 2024, nilipoalikwa kuketi na chama cha akina mama washonao kofia kwa mkono.

Sikukuu ilikuwa imekwisha pita. Sanduku lilifunguliwa mbele yetu, na ndani yake mlikuwa na kofia za vito zilizoshonwa kwa sindano, tundu baada ya tundu, mwezi baada ya mwezi. Hazikununuliwa. Na Idi hiyo hiyo vijana wetu walikwenda kuswali wamevaa kofia za mashine zilizotoka ng'ambo, kwa kuwa wauzaji wake walizipiga picha na kuzinadi katika simu kabla ya mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Kijana mmoja aliyekuja kuwasaidia alisimama akawahimiza wafungue kurasa za Facebook, Instagram na TikTok siku ile ile. Akawaambia ya kuwa dunia imewaacha nyuma. Bibi mmoja mtu mzima akamjibu kwa upole, "Mwanangu, chema chajiuza. Sisi si watu wa kujitembeza." Mazungumzo yakaishia hapo. Watu wakanywa kahawa, wakaagana.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari jambo hili, kwani si la chama kimoja. Vyuo vyetu, kamati za misikiti, vyama vya wavuvi, vikundi vya maulidi na vya ususi wa mikeka, vingi vimesimama pale pale alipoketi bibi yule. Na wale waendao kuvisaidia, aghalabu husimama pale aliposimama kijana.

Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki nusu. Tuanze na mithali. Zama za wazee, mnunuzi alipita mbele ya baraza, akaishika kofia, akaigeuza ndani nje, akaitazama mishono yake. Chema kilijiuza kwa sababu kilionwa. Hakuna mzee aliyesema kwamba chema hujiuza kikiwa kimefungiwa sandukuni. Leo mnunuzi wa kofia ya vito huenda yuko Nairobi, au Maskati, au Toronto, na baraza letu halipiti. Kumwonyesha kilichopo na kumtajia bei yake si kujitembeza. Kujitembeza ni kusifu kisichokuwapo.

Lakini kijana naye alikosea, na kosa lake ndilo nitakalo kulisema hasa. Alidhani kusita kwao ni ujinga. Nilipowauliza baadaye kwa utulivu, niliona kuwa si ujinga hata chembe. Walikuwa na hofu nne, na kila hofu ilikuwa na sababu yake.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya ufunguo. Chama kilipata kuwa na ukurasa zamani. Aliyeufungua akaenda zake kutafuta kazi mji mwingine, akaondoka na neno la siri. Mpaka leo ukurasa ungaliko, na hakuna awezaye kuugusa. Ya pili ilikuwa ya sitara: hawakutaka nyuso zao na za binti zao zizagae duniani. Ya tatu ilikuwa ya nakshi, kwamba mashine za watu zitazinakili. Ya nne ilikuwa ya matusi ya wapita njia na hila za matapeli.

Basi mwenye kutaka kukisaidia chama kama hiki asianze na simu. Aanze na hofu hizi, na kila moja aigeuze kuwa kanuni.

Kwa ufunguo, tunayo mafunzo yetu wenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la pesa chache lataka maandishi, seuze jina la chama kizima? Na iandikwe katika daftari la mkutano ni nani watakaoushika ukurasa, wawe wawili au watatu, kwani Facebook huruhusu ukurasa mmoja kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja. Laini ya simu na iwe ya chama, si ya mtu. Siku msimamizi atakapoondoka, na akabidhi kama akabidhivyo mweka hazina.

Kwa sitara, hakuna sheria isemayo kwamba kofia haiuziki mpaka mshonaji aonyeshe uso wake. Na ipigwe picha ya kofia, ya sindano, ya mkono ukipenda, na sauti isimulie. Hata sheria ya nchi iko upande wa bibi yule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mtu kabla habari zake hazijatumiwa kwa biashara, na kwa mtoto yataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Walimu wa vyuo vyetu waupigao picha umma wa watoto siku ya khitma na kuzituma kila mahali, na walisikie hilo.

Kwa nakshi, sitawadanganya wasomaji: kitu kikionwa chaweza kuigwa. Lakini nauliza, je, sasa hakiigwi? Mlanguzi huja mlangoni, akainunua kofia kwa bei ya kutupa, kisha akaipiga picha mwenyewe na kuiuza kwa bei azidishayo, bila ya kumtaja mshonaji. Nakshi imekwisha toka, na jina ndilo lililobaki nyuma. Afadhali chama kionyeshe upande mmoja wa kofia, kieleze ilishonwa wapi na kwa muda gani, ili mnunuzi ajue tofauti ya mkono na mashine.

Ama matusi na utapeli, hivyo navyo vina dawa. Ukurasa waweza kuwekewa maneno yasiyoruhusiwa, na mwenye kutukana akafungiwa nje. Malipo na yapitie namba ya biashara ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la chama, ili mlipaji alione jina hilo na asidhani anampelekea mtu asiyemjua. Na chama nacho kisipoteze uaminifu wake: kofia iliyo na doa isemwe kuwa ina doa. Suratul Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo, na picha iliyopambwa kupita ukweli ni mizani iliyopunjwa.

Baada ya hayo ndipo simu itolewe mfukoni. Na hapa pia nawasihi wasaidizi wasiwe na pupa. Mwalimu wetu chuoni hakutupa Msahafu mzima siku ya kwanza. Alitupa alifu na be. Chama kinachosita kipewe mlango mmoja tu. Naona ulio mwepesi ni ule wa WhatsApp ya biashara, uliofunguliwa mwaka 2018, kwa kuwa akina mama wameizoea WhatsApp kwa salamu na habari za mazishi. Humo waweza kupanga picha za bidhaa na bei zake, na saa za kujibu watu, ili wakati wa sala na wa kupika wasisumbuliwe. Tangazo litumwalo kwa orodha huwafikia wale tu waliokwisha iweka namba ya chama katika simu zao. Kwa hivyo kazi huanza kwa wanaowajua, kama biashara yetu ilivyoanza siku zote.

Baada ya miezi mitatu wakae wahesabu: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, wangapi walijibiwa wamechelewa. Ikifaa, waongeze mlango wa pili. Isipofaa, waulize kwa nini. Ukurasa si hirizi. Ukifunguliwa bila mtu wa kujibu ni sawa na duka lililo wazi na mwenyewe kalala.

Wako watakaosema kwamba mambo haya si ya watu wa dini wala wa heshima. Hao nawakumbusha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Kabla ya hapo, mwaka 1930, alitoa hapa Mombasa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Mwanachuoni mkubwa wa pwani hii alikishika chombo kipya cha zama zake akakitumia kusema na Waislamu wenziwe, na elimu yake haikupungua wala heshima yake haikushuka. Chombo kilifuata adabu ya mwenye kukishika.

Nililolikhofu siku ile, nilipolitazama sanduku lile, halikuwa hasara ya Idi moja. Niliwaona binti watatu wameketi ukumbini, wakitazama kofia za mama zao zikirudishwa ndani. Binti aonaye kazi ya miezi inarudi sandukuni hataishika sindano. Na sindano ikishawekwa chini, hakuna ukurasa wowote utakaotuuzia kofia ya vito, ila tutaitazama katika makumbusho. Wasaidizi wetu na wawe na subira, na vyama vyetu na viwe na moyo.

Chema kweli chajiuza, kikionwa hadharani,
Sandukuni ukijaza, ni nani takithamini?
Kwa haki ukitangaza, kwa adabu na imani,
Riziki huiongoza, Mola wetu Rahamani.