Durban: Vidonda vya kisukari na kiunzi kisichosimama

Vibarua kutoka India walianza kuwasili Durban mwaka 1860 kulima miwa; leo kisukari kimeenea mno miongoni mwa wazao wao, na kidonda cha mguu huandamana nacho. Ngozi inapojeruhiwa, seli huhitaji kiunzi kipya cha protini, hasa kolajeni, ili zitambae na kuliziba jeraha. Katika mwili wenye kisukari, vimeng'enya mara nyingi hukibomoa kiunzi hicho kabla hakijasimama, na wengine huishia kukatwa mguu. Viunzi vya kutengenezwa vimekuwa sokoni tangu miaka ya 1990, lakini kwa bei isiyomfaa maskini. Ingekuwa busara zaidi kugharimia kwanza ukaguzi wa miguu katika zahanati: ganzi ya kisukari humnyima mgonjwa hata maumivu, na lengelenge la kiatu hugunduliwa likiwa limekwisha oza.