Mambo ya Nyumbani: Pasi Iliyoshika Gundi

Mwezi huu twaandika habari za pasi, na kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi ya kuamkia Pentekoste, binti wa kaka yetu, akaaye kwetu kwa ajili ya shule, alikuwa akipiga pasi nguo nyeupe za watoto wanne ambao wangebatizwa kesho yake. Katika nguo ya kwanza, pasi ilipofika kifuani ikakwama, na ilipoinuliwa ikaacha doa la kahawia lenye kunata. Tukamkemea binti mbele ya wageni, tukasema ni mvivu, hakuifuta pasi. Akajibu, "Baba mdogo, niliifuta vumbi. Gundi hii siijui." Nasi hatukumsadiki.

Jirani yetu, fundi cherehani, akaigeuza pasi ilipopoa, akaukwaruza uso wake kwa ukucha, akauliza, "Mwalimu, nani amebandika ukosi kwa pasi hii?" Tukanyamaza. Maana usiku wa Alhamisi, sisi peke yetu, kwa nuru ya taa, tulikuwa tumetengeneza ukosi wa shati letu kwa kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi hukitia ndani ili ukosi usimame. Tulikilaza upande wa gundi ukitazama juu, tukakikandamiza, kisha tukairudisha pasi mahali pake pasipo kuitazama chini. Basi tukamwita binti, na mbele ya wageni wale wale tukamwomba radhi.

Gundi hiyo ikiwa baridi ni ngumu. Ipatapo moto huyeyuka, na ipoapo hushika. Kwa hiyo kuikwangua hali pasi imepoa ni kujichosha, tena kisu huacha mikwaruzo itakayokwama katika kila nguo. Pasi yetu ni ya mkaa, na uso wake ni chuma kitupu. Fundi akatia makaa machache, akangoja pasi iwe na moto wa kadiri, kwa kuwa moto mkali huiunguza gundi ikawa nyeusi. Akausukuma utando kwa ukingo wa mwiko wa mti, akaifuta pasi juu ya kipande cha kanga kuukuu ya pamba kilichokunjwa mara nne, akitafuta kila mara mahali safi. Kisha akatandaza vijiko 2 vya chumvi ya mawe juu ya karatasi ya kaki, akaipitisha pasi huku na huku mpaka chumvi ikageuka rangi. Mwisho akaipitisha juu ya jani bichi la mgomba, kama mama zetu walivyofanya, akaifuta tena. Kazi yote haikupita nusu saa.

Nguo ya mtoto tuliiweka kati ya karatasi mbili za kaki, tukaikandamiza kwa pasi ile iliyokwisha safishwa. Gundi ikahamia karatasini. Alama hafifu ya kuungua ilibaki, na mama wa mtoto akashona ua dogo juu yake.

Wenye pasi za umeme wasiifuate habari ya chumvi bila kutazama. Nyingi zina uso wenye utando laini usioshikwa na kitu, na chumvi huuharibu. Hizo ziwashwe kwa moto mdogo, zichomolewe ukutani, kisha zifutwe zikiwa vuguvugu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Matundu ya mvuke yasafishwe pasi ikiwa imepoa, kwa kijiti chenye pamba. Wako wasuguao uso wa moto kwa kidonge cha paracetamol. Gundi hutoka kweli, lakini moshi wake huwasha macho na vidole hukaribia mno moto. Nasi twaona dawa ikae kwa ajili ya wagonjwa. Mafuta ya taa yasikaribie kabisa pasi yenye makaa.

Na mtu abandikaye ukosi apapase kwanza kitambaa kwa kidole: upande wa gundi huparuza, na kwenye mwanga huonekana vijidoa ving'aavyo. Upande huo ulale juu ya nguo, kitambaa kikatwe kidogo kuliko ukosi wenyewe, na karatasi iwekwe kati yake na pasi. Pasi ikandamizwe bila kuburutwa, kisha ukosi uachwe upoe ndipo uinuliwe.

Sasa nyumbani kwetu kitambaa cha kujaribia kimetundikwa karibu na pasi. Na kila tunapoishika, binti yule huuliza kutoka jikoni, "Baba mdogo, umeitazama chini?"