Sanaa Haikufa kwa Kauli ya Al-Azhar

Ndugu Mwislamu, utawasikia baadhi ya vijana wetu wakidai kuwa masheikh wakiingilia, sanaa hufa. Basi na wamtazame Yusuf Wahbi wa Misri. Mwaka 1923 aliunda kundi lake la michezo ya kuigiza, Ramses. Mwaka 1926 akakubali kuigiza katika senema nafsi ya Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wa sallam! Al-Azhar ikapinga, Mfalme Fuad akamtishia, naye akajitoa. Je, alikufa njaa? Hasha! Mwaka 1944 aliitunga, akaiongoza na akaicheza mwenyewe senema ya Gharam wa Intiqam. (Mapenzi na Kisasi, jina hilo latosha kukujulisha kuwa siitetei.) Mpaka anafariki 1982, Misri nzima ikimjua. Enyi mnaolilia uhuru, hebu tuambieni: mwaka ule wa 1926 ilipotea sanaa gani?