Laptop ya michezo kwa mwanafunzi: shida iko kwenye umeme

Kijana wa chuo akiomba laptop ya gaming, wazazi wengi wa Goma ao Bukavu wanasikia neno moja tu: michezo. Wanakataa mbiombio. Lakini kwa mwenye kusomea ujenzi na kuchora nyumba kwa Revit ao Blender, kadi ya picha inayoendesha mpira na vita ndiyo ile ile inayomsaidia katika kazi yake. Mwenye kusoma sheria hana lazima nayo. TFC yake inaandikwa hata kwa mashine ndogo.

Hesabu ngumu iko kwenye prizi. Chaja ya laptop ya kawaida ni ya wati 45 ao 65. Ya gaming inafika 150, mara 240. Ile sola ya kuwasha taa na kuchajisha simu haiibebe. Na wakati wa delestaje, mchezo unamaliza betri karibu kwa saa moja, wakati betri hiyo hiyo ingeweza kukupa saa tatu ao ine za kuandika. Basi jioni moja ya mchezo inakula usiku wa masomo, hata kama kijana hana ubaya.

Ukinunua ya okazioni, mbele ya kutoa dola, ondoa chaja, fungua programu ya masomo, ngoja nusu saa. Miye sikufanya hivyo. Leo mashine yangu inazimika kila umeme ukikatika, na habari ninaimalizia kwa simu.